Kadi za Rafu ya Yatima

Dukani kwa Mama Kanda kulikuwa na sheria moja tu, imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kaunta: HAKUNA MAONI, HAKUNA KANDA. Ukiazima filamu, ndani ya ganda lake unakuta kadi ngumu yenye mistari. Ukishatazama, unaandika ulivyoiona, unaweka jina lako la utani, ndipo unarudisha na kupewa nyingine. Ukileta kadi tupu, Mama Kanda anakutazama kama mgeni aliyekula akaondoka bila kuaga. Na maoni ya kuandikiwa na mtu mwingine ndiyo kabisa hayapokelewi. Anakurudisha nayo nyumbani mpaka mwenye macho aseme mwenyewe.

Wateja wengi waliandika "nzuri" au "ndefu". Mmoja aliandika "nililala, lakini nililala vizuri". Aliyejaza kadi mpaka pembeni, akageuza nyuma, kisha akaomba ya pili, alikuwa mmoja tu, Fundi Miwani.

Fundi alikuwa shemeji wa Mama Kanda, mdogo wa marehemu mumewe. Karakana yake ilipakana na duka, ukuta mmoja: chumba chembamba chenye jiwe la kusagia lenzi, bomba lisilokoma kudondoka, na ukutani lile bango la herufi, kubwa juu, ndogo chini. Alikuwa mtu wa makamo, kitambi cha adabu, macho mepesi kama ya kuku. Alikuwa akimwambia mteja, "Soma mstari wa mwisho," na mteja akishindwa, anasema, "Usijali, hata mimi nimeukariri tu."

Filamu zinazopendwa na watu hakuzitaka. Yeye alikuwa na rafu yake nyuma ya duka, karibu na mlango wa choo. Ilijaa kanda ambazo hakuna aliyeziulizia tangu zifike. Mama Kanda aliiita rafu ya yatima.

"Na wewe ndiye baba yao wa kambo," alimwambia.

"Shemeji, baba wa kambo anayesoma na watoto si bora kuliko baba mzazi anayelala?"

"Soma kadi yako, uniondokee kaunta."

Na alisoma kwa sauti, kila Jumamosi asubuhi, asikie anayetaka. Kuhusu tamthilia moja ya vipindi kumi na vitatu aliandika hivi: "Jengo lina ghorofa ishirini, lifti haisimami ya tisa, na hakuna anayeuliza. Ndiyo raha yake. Angeuliza hata mtu mmoja, ingekuwa hadithi ya polisi. Kipindi cha tano kirukeni. Mlinzi anatembea na funguo dakika arobaini, nadhani mwongozaji alikwenda msalani akasahau kamera inazunguka. Lakini yule bibi anayepanda lifti na saa ya ukutani kila asubuhi, mpeni tuzo. Saa nayo mpeni." Kuhusu kipindi cha vikaragosi kilichohusu hospitali ya mwanasesere aliandika maneno manne tu: "Daktari ni soksi. Nimelia." Na kuhusu filamu ya tarishi anayepeleka barua katika mji ambao watu wake wote wamehama: "Barua mia tatu, wasomaji sifuri. Kama kadi zangu."

Kadi hiyo ya tarishi ndiyo iliyojibiwa.

Aliikuta miezi miwili baadaye, alipoirudia filamu hiyo kwa mapenzi tu. Chini ya maneno yake palikuwa na mwandiko mwembamba wa wino wa bluu, herufi ndogo zilizonyooka kama mshono wa fundi mzuri: "Mimi ninazisoma. — Dirisha."

Fundi aliisoma mara tatu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Shemeji! Nani huyu Dirisha?"

Mama Kanda alinyoosha shingo. "Ah, huyo mke wa Bwana Taratibu. Mwenyewe simjui. Mumewe ndiye anakuja kumchukulia. Anasema mkewe mgonjwa, hatoki."

Bwana Taratibu, Fundi alimjua kwa sura. Nani asingemjua? Alikuwa mkaguzi wa mizani. Alipita madukani na mkoba wa ngozi uliojaa mawe ya shaba, akiyatoa moja moja kwa leso, kubwa mpaka dogo kama punje, akiyaweka juu ya mizani za watu na kusubiri mshale utulie. Hakuwahi kupaza sauti. Alisema "tafadhali" mpaka kwa paka. Wauza maharage walimwogopa kuliko wanavyowaogopa wanaofoka, kwa maana anayefoka utamjua anapoishia.

"Na anachaguaje?" Fundi aliuliza.

"Hachagui. Anasema, 'Nipe yoyote ambayo haina watu wengi ndani.' Sasa mimi nimpe nini? Nampeleka kwa watoto wako."

Tangu siku hiyo Fundi akawa haandiki peke yake. Kila yatima aliyerudi, alikimbilia kadi kabla ya kanda. Na Dirisha alikuwa na maoni, usiseme! Kuhusu vikaragosi alimkosoa waziwazi: "Fundi amelia bure. Soksi haikuwa daktari, ilikuwa mgonjwa aliyevaa koti la daktari. Tazama tena, kitanda kimoja wodini ni chake." Fundi alitazama tena, akakuta ni kweli, akacheka mpaka mkewe akaja kuuliza kama ni kifafa.

Halafu ikarudi ile tamthilia ya lifti.

"Fundi anasema kipindi cha tano kirukwe," aliandika Dirisha. "Mimi ndicho nilichokipenda. Msikilizeni mlinzi. Funguo zikizunguka mara moja, mtu yumo. Zikizunguka mara mbili, mtu amefungiwa. Mwongozaji anajua. Nami nimehesabu."

Fundi aliyasoma maneno hayo kwa sauti Jumamosi iliyofuata. Watu wawili wakacheka. Yeye mwenyewe alianza kucheka, kicheko kikamkwama kama mfupa.

"Mbona umenyamaza?" Mama Kanda aliuliza.

"Hamna. Maoni mazuri."

Lakini jicho lake la kazi lilikuwa limeona kitu kingine, akaona haya kukisema. Herufi zilikuwa zimekua.

Kadi iliyofuata zilikua zaidi. Iliyofuata hiyo, mstari ulianza juu ukateremka mpaka ukatoka nje ya kadi. Neno moja lilipanda juu ya jingine. Miaka ishirini na sita Fundi alikuwa akiwaona watu wakijaza fomu kwenye meza yake kabla hajawapa miwani, na hakuhitaji kuambiwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Huu haukuwa mwandiko wa mgonjwa wala wa mlevi. Ulikuwa wa mtu mwenye macho dhaifu sana ambaye zamani alikuwa na miwani na sasa hana.

Kadi hiyo ilihusu kichekesho kimoja cha kizamani, mume anayeficha miwani ya mkewe ili mke asiende kwa dada yake. Mke anagonga milango, anamwagilia maua ya plastiki, analisalimia kabati. Fundi alikuwa ameandika juu: "Kabati limeigiza vizuri kuliko mume." Chini yake, kwa herufi kubwa kama kucha, zikipishana:

"Hakichekeshi. Nimekitazama pua ikigusa kioo cha televisheni. Kabati halikuigiza, lilikuwa limesimama tu, kwa sababu nalo halijui pa kwenda. — Dirisha."

Mtu mwingine angekaa na jambo hilo, akalifikiri. Fundi aliishi kwa utani. Akiogopa anatania, akifiwa anatania, hata siku ya kumzika kaka yake alimwambia mchimba kaburi apime vizuri kwa kuwa marehemu alikuwa na tabia ya kulala kimshazari. Basi akachukua kalamu, na kwenye kadi ya filamu aliyojua itamfikia Dirisha safari ijayo akaandika:

"Dirisha, kwa mwandiko huu wewe ni wa lenzi hasi tisa, macho yote mawili, na miwani imepotea au imepotezwa. Njoo kwangu nikusagie nyingine. Kama mlango unazunguka mara mbili, piga kelele, tutaleta lifti."

Aliona amefanya jambo la maana kwa njia ya kuchekesha. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini wahenga hawakuwahi kuona kalamu ya Fundi ikianza.

Jumanne, saa nne asubuhi, mlango wa karakana ulifunguliwa taratibu na ukafungwa taratibu. Bwana Taratibu aliweka mkoba wake juu ya meza, akaketi, akavuta suruali magotini isikunjike.

"Shikamoo, Fundi," alisema, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba... Karibu, bwana. Una tatizo la macho?"

"Mimi? Hapana. Mimi naona vizuri sana."

Akatoa kadi mfukoni, akaiweka mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza kwa kidole. Ilikuwa kadi ile.

"Unachekesha," alisema. "Nasoma kila kadi kabla sijairudisha. Mke wangu ana maoni mengi, namwachia. Mtu akikaa ndani anahitaji kitu cha kufanya. Lakini wewe una maoni mengi kuliko yeye."

Bomba lilidondoka. Fundi alitafuta utani, akakuta ghala tupu.

"Ni mzaha tu, bwana."

"Najua ni mzaha. Na umepatia. Hasi tisa, macho yote mawili. Nikajisemea, huyu ni fundi." Akafungua mkoba. Kati ya mawe ya shaba, kwenye leso yake, palikuwa na miwani ya kike yenye vioo vinene, mkono mmoja umevunjika. "Hii ilivunjika. Nataka nyingine. Ila asiwekewe kali hivi. Hasi tatu inatosha."

"Hasi tatu?" Fundi alisema. "Bwana, mtu wa hasi tisa ukimpa hasi tatu ataona kilicho karibu na pua tu. Akinyoosha mkono, hata vidole vitakuwa ukungu."

"Nyumba yetu ndogo."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayeeleza njia ya posta. Kisha akatoa mizani ndogo ya mfukoni, ya kukunja, akaifungua juu ya meza, akaiweka ile miwani ya zamani. Mshale ulicheza, ukatulia.

"Gramu arobaini na moja. Lenzi kali ni nene, lenzi nene ni nzito. Si ndivyo?"

"Ndivyo... kwa kawaida."

"Basi hii mpya isizidi ishirini na nane. Nimepiga hesabu. Nitakuja Ijumaa kuipima. Watu hudanganya, Fundi. Mizani haidanganyi."

Akajaza fomu ya oda mwenyewe, kila herufi imesimama sawa na mwenzake kama askari kwenye gwaride. Akaaga, akafunga mlango. Fundi alisikia viatu vyake vikipita dirishani bila haraka, akajikuta anavihesabu.

Alikwenda dukani akiwa na koti lake la kazi, vumbi la lenzi mikononi. Alimweleza Mama Kanda yote, bila kuongeza chumvi hata punje moja, na hilo ndilo lililomwogopesha shemeji yake.

"Twende polisi," alisema Mama Kanda.

"Tukawaambie nini? Kwamba herufi zimekuwa kubwa? Kwamba mtu amekuja kumnunulia mkewe miwani?"

Mama Kanda alikaa juu ya kigoda chake. "Na wewe na mdomo wako," alisema. "Umemwandikia mumewe barua."

"Najua, shemeji."

"Alikuwa na kalamu, sasa hata hiyo atanyang'anywa."

"Najua."

"Usiseme unajua. Sema utafanya nini."

Fundi alitazama rafu ya yatima. "Huyo bwana anaijua shaba," alisema polepole. "Plastiki haijui."

Alisaga lenzi Jumatano na Alhamisi, mlango umefungwa. Ile ya zamani ilikuwa ya kioo, ndiyo maana ilikuwa nzito kama kufuli. Yeye alichukua plastiki maalumu, nyembamba na nyepesi, ile anayowawekea watu wenye pua dhaifu, akaisaga hasi tisa kamili, kulia na kushoto. Kisha akatafuta fremu ndogo ya mviringo yenye ukingo mpana mweusi, uumeze unene wa pembeni. Lenzi ya namna hiyo katikati ni nyembamba, mafuta yake yote yako kiunoni, na kiuno unaweza kukifunika. Alipoipima kwenye mizani ya jikoni ya mkewe ilikuwa gramu ishirini na tano. Akaifuta na kuitazama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba kazi yake ionekane mbovu.

Ijumaa Bwana Taratibu alifika saa nne kamili. Hakuketi. Alifungua mizani yake, akaweka miwani, akasubiri.

"Ishirini na tano," alisema. "Afadhali."

Halafu akafanya kitu ambacho Fundi hakukitegemea. Aliiinua miwani, akaiweka mbele ya jicho lake, akatazama barabarani kupitia dirisha la karakana. Jasho lilimshuka Fundi mgongoni kama mjusi.

"Kila kitu kimekuwa kidogo," alisema Bwana Taratibu.

"Hata hasi tatu hupunguza, bwana. Mtu mzima wa macho lazima aone hivyo."

Bomba lilidondoka mara mbili.

"Kidogo si vibaya," alisema, akaifunga kwenye leso na mawe yake ya shaba. Mlangoni aligeuka. "Na zile kadi, Fundi. Kuanzia sasa mke wangu atakuwa anaandika maoni mafupi."

Wiki mbili zilipita. Wiki ya kwanza Fundi hakuazima chochote. Wiki ya pili aliazima kitu akakirudisha na kadi iliyosema "nzuri", na Mama Kanda akaipokea bila neno. Duka zima liliona, hakuna aliyecheka.

Kisha, Jumatatu, Mama Kanda alimwita kwa kugonga ukuta.

"Amerudisha," alisema. "Sasa hivi. Katuma mtu wa ofisini kwake, hakuja mwenyewe."

Ilikuwa filamu ya mwanamke anayeuza madirisha ya nyumba yake, moja moja, mpaka nyumba inabaki kuta na mlango. Fundi aliitoa kadi. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka.

"Anaona!" alipiga kelele. "Shemeji, anaona! Tazama herufi!"

"Soma kwanza."

Alisoma: "Filamu ni nzuri. Picha ni safi mwanzo hadi mwisho. Nimeridhika. — Dirisha."

Furaha ilimdumu kama moto wa karatasi.

Ugonjwa wa kanda ile wote wawili waliujua. Dakika ya sabini picha inakufa. Dakika ishirini za mwisho ni giza tupu, unasikia sauti peke yake, mtu anatembea juu ya changarawe. Fundi mwenyewe alikuwa ameandika kadi nzima kuhusu giza hilo, akidai ndilo tukio bora kuliko yote, na kadi hiyo Mama Kanda aliiondoa kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko filamu.

"Aliyeandika hii hakutazama," alisema Mama Kanda.

Fundi alikwenda karakanani, akarudi na fomu ya oda. Wakaiweka kando ya kadi kwenye kaunta. Herufi za gwaride hapa, herufi za gwaride kule.

"Kwa hiyo yeye hajaandika," alisema Fundi. "Haandiki tena, au hawezi."

Mama Kanda alikuwa tayari anafunga kitambaa kichwani. Akachukua kadi, akachukua na kanda.

"Unakwenda wapi?"

"Sheria yangu ni moja," alisema. "Maoni ya kuandikiwa sipokei. Anwani ninayo kwenye daftari. Unakuja au unabaki na bomba lako?"

Nyumba ilikuwa ya safu, ghorofa moja, mapazia yamevutwa mchana kweupe. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ghala, na mbele yake wanawake saba au wanane wameketi wanashona magunia kwa sindano ndefu, wakipiga soga. Mama Kanda aliwasalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka wote wakainua vichwa. Fundi alielewa kwamba anatafuta mashahidi. Kisha Mama Kanda akagonga mlango.

Ufunguo ulizunguka. Ukazunguka tena. Mara mbili.

Bwana Taratibu alikuwa amevaa soksi, shati limepigwa pasi. Aliwatazama, akatazama kanda, akatabasamu.

"Karibuni. Kuna tatizo?"

"Dogo tu, baba," alisema Mama Kanda. "Kadi hii si yake. Mimi nina sheria yangu, hata marehemu mume wangu nilimrudishia kadi. Mwite mama aniambie mwenyewe, nami nitaandika hapahapa. Ni dakika moja."

"Mke wangu amelala."

"Tutasubiri. Hawa dada zangu hapa wana soga nzuri."

Bwana Taratibu alitazama ng'ambo. Sindano zilikuwa zimesimama. Alikuwa mtu wa serikali, na mtu wa serikali hafungi mlango usoni mwa mjane mbele ya watu wanane. Fundi alimwona akipima, kabisa, kama mtu anayeongeza jiwe dogo upande mmoja.

"Njoo kidogo," aliita ndani, bila kugeuka. "Polepole, usianguke."

Alitoka kwenye giza la ukumbi akipapasa ukuta kwa mkono. Mwanamke mwembamba, nywele zimefungwa nyuma, miwani ya duara yenye ukingo mweusi usoni. Hatua moja, mkono ukutani. Hatua nyingine, mkono ukutani. Nimekosea, Fundi aliwaza, nimesaga vibaya, haoni.

"Mama," Mama Kanda alisema, "filamu uliionaje?"

Mwanamke alisimama kizingitini kando ya mumewe.

"Picha inakufa dakika ya sabini," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango usiotumika. "Inabaki sauti. Mtu anatembea. Wengine wanaweza kudhani anazunguka nyumba. Maoni yangu ni kwamba ametoka."

Kisha akauondoa mkono ukutani. Akainua uso, akatazama juu ya mabega yao, ng'ambo ya barabara, juu ya mlango wa ghala, akasoma bila haraka:

"Magunia ya jumla na rejareja. Mlango wa nyuma. Usiegeshe gari hapa."

"Unaona hayo?" Bwana Taratibu aliuliza, taratibu sana.

"Tangu wiki mbili. Naona mpaka kutu kwenye misumari."

Akapita kando ya mumewe, akatoka nje. Alivaa kandambili, hakuwa na mkoba wala kalamu. Mama Kanda alimshika kiganja kama anayevusha mtoto, na mmoja wa washona magunia akasimama, wa pili akasimama. Bwana Taratibu hakumshika. Aligeuza kichwa tu, akamtazama Fundi.

"Ulipima vibaya," alisema.

"Hapana, bwana," Fundi alisema. "Ni wewe uliyepima uzito. Macho hayana uzito."

Jioni hiyohiyo Dirisha alikuwa ameandika maelezo polisi, kwa mkono wake, kurasa nne, na askari akalalamika kwamba herufi ni ndogo mno. Kesho yake asubuhi aliondoka kwenda kwa dada yake. Mji gani, Mama Kanda alijua peke yake. Fundi hakuuliza, maana aliujua mdomo wake.

Ingefaa iishie hapo. Fundi angekuwa mwongozaji, angekata hapo.

Wiki tatu baadaye Bwana Taratibu aliingia dukani, akasema shikamoo, akaomba kuazima ile ya mwanamke anayeuza madirisha. Polisi walikuwa wamemhoji, wakamwambia ataitwa, hajaitwa. Mama Kanda hakuwa na sheria ya kumkatalia. Siku ya tatu aliirudisha mwenyewe, akashukuru, akatoka. Mama Kanda aligonga ukuta.

Kadi ilikuwa imejaa. Herufi za gwaride, hakuna hata moja iliyotoka kwenye mstari.

"Safari hii nimeitazama mpaka mwisho, mara nne. Dukani wanasema Fundi aliwahi kulisifu giza, na ni kweli, ndilo tukio bora. Mtu ambaye hana subira atafikiri hakuna kitu. Lakini ukizima taa na kusikiliza vizuri, kila changarawe ina sauti yake. Ukisikiliza mara nyingi, unaanza kujua ameelekea wapi. Nimeridhika. Nitaiazima tena."

Fundi aliisoma mara moja tu. Alichukua kalamu. Mama Kanda alisubiri, akijua shemeji yake na kadi. Aliandika maneno matatu chini yake, akaacha.

*Na sisi tunasikiliza.*

"Hujaweka utani," alisema Mama Kanda.

"Sikuukuta."

Mama Kanda alivuta simu karibu, akaanza kubonyeza namba za mbali ambazo hazikuwa kwenye daftari lolote. Wakati inaita, alimwashiria Fundi kwa kidevu. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la nafaka lililotazamana nao, Bwana Taratibu alikuwa kazini. Alikuwa ameufungua mkoba. Alitoa jiwe la shaba kwa leso, akaliweka juu ya mizani, akasubiri mshale utulie. Hakuinua macho. Kisha akatoa jingine.